Siku ya Kukwama Nayo Ilipwe

Kuanzia Oktoba hadi Januari, korosho zinaposhuka kutoka Newala, Tandahimba na Masasi kwenda maghalani na bandarini Mtwara, wapo watu ambao makazi yao ni lori. Dereva wa semi-trela analala kwenye kitanda chembamba nyuma ya usukani. Utingo wake anatandika mkeka chini ya tela, au anapanda juu ya turubai ikiwa mvua haijaanza. Sanduku la ubavuni linabeba jiko, sufuria, unga, chumvi na dumu la maji. Maisha haya yanakwenda vizuri mradi magurudumu yanazunguka. Lori likifa, wawili hawa wanabaki nalo pale pale lilipofia, maana mzigo ukipungua hata gunia moja watakaoulizwa ni wao. Watakaa siku mbili, nne, pengine wiki, mpaka spea ifike kutoka Masasi mjini, Mtwara au Dar es Salaam. Hoja yangu ni kwamba gharama ya siku hizo inambebesha mzigo asiye na uwezo wa kuzizuia. Dereva halipwi kwa kusubiri, naye mwenye uwezo wa kuzuia gari lisife hapotezi kiasi cha kumshtua. Hali hii ikiendelea, malori yatazidi kufia njiani, iwe njia ni ya mchanga au ya lami.

Anayetaka kuelewa uzito wa jambo hili aitazame ardhi yenyewe. Uwanda wa Makonde umekaa juu ya miamba ya mchanga, na udongo wake ni mwekundu na mwepesi. Kiangazi unalegea na kuwa mchanga mzito unaomeza tairi za lori lililoshiba mzigo. Dereva anayepunguza mwendo katikati yake ana hatari ya kutotoka tena bila kukata matawi na kuyatandika chini ya magurudumu. Mvua ikinyesha mchanga huo unashikana kidogo, lakini kwenye miteremko maji yanachimba makorongo katika usiku mmoja. Kutoka Newala kuelekea Masasi gari linateremka kutoka ukingo wa uwanda, breki zikichemka; linalopanda linaunguza klachi. Halafu kuna suala la maji. Mvua inayoanguka juu ya uwanda inazama moja kwa moja ardhini, vijito havipo, na vizazi vya Wamakonde vilishuka mabondeni kuteka. Mpaka leo watu wa Newala wanajua thamani ya ndoo moja. Dereva aliyekwama huko juu ananunua maji ya kunywa, ya kupikia na ya rejeta, kila dumu kutoka mfukoni mwake. Na kalenda haimsaidii: kusini tuna msimu mmoja wa mvua, unaoanza Novemba au Desemba, yaani katikati ya msimu wa kuuza korosho. Malori mengi zaidi yako barabarani wakati barabara inapoanza kuharibika.

Pamoja na hayo, ardhi ndiyo inayotwikwa lawama isiyo yake yote. Ukiwauliza mafundi wa gereji za Masasi gari lilikufa kwa nini, majibu yanajulikana: springi imekatika, senta bolti imekatika, tairi lililotoboka mara kadhaa limepasuka, beringi ya gurudumu imeungua kwa kukosa grisi, hosi ya rejeta imeachia. Mengi kati ya haya yanaonekana kabla ya safari kwa mtu mwenye tochi na nusu saa ya kuchungulia chini ya gari. Madereva wanayaona na wanayasema. Tatizo ni kwamba anayeamua si wao. Tajiri, kama mwenye gari anavyoitwa, ana hesabu yake: springi mpya inataka fedha leo, wakati springi iliyochoka inaweza kufika Mtwara na kurudi. Isipofika, atatuma spea ya mtumba kwenye basi la asubuhi, na fundi atalipwa palepale barabarani. Kwa siku nne ambazo gari limelala, anapoteza mapato ya safari moja pengine. Ni hasara kweli, lakini hasara ile ingekuwa kubwa zaidi kama watu wawili waliolala porini wangelipwa kila siku waliyolala. Wao wamelipwa posho ya safari kabla ya kuondoka, kiasi kilekile safari ikichukua siku mbili au tisa. Posho hiyo ikiisha siku ya tatu, wanakopa kwa mama ntilie wa kijiji cha karibu, wanapiga simu nyumbani kutumiwa fedha, au wanauza dizeli. Wizi wa mafuta unaolalamikiwa na matajiri ni kosa la jinai na siutetei. Ila mtu anayemwacha mfanyakazi wake bila chakula kando ya tangi la lita mia kadhaa ashangae kidogo tu akikuta limepungua.

Katika mnyororo mzima wa korosho, dereva na utingo ndio pekee ambao kusubiri kwao ni bure. Meli ikichelewa kupakia bandarini Mtwara, kila siku inayopita ina tozo iliyoandikwa kwenye mkataba tangu mwanzo. Kontena lisiporudishwa kwa wakati, kampuni ya meli inadai. Korosho zikizidi kukaa ghalani, mwenye ghala anahesabu. Biashara iligundua zamani kwamba kitu kinachosubiri bila malipo kitasubirishwa daima, kwa hiyo ikaweka bei juu ya muda. Wala si maarifa yaliyoletwa na meli za chuma. Katika misafara ya karne ya 19, iliyotoka Kilwa, Lindi na Bagamoyo kuelekea bara, wapagazi walistahili posho ya kila siku, hata siku msafara ulipolala kwa sababu ya mvua, ugonjwa au mazungumzo ya hongo na mtawala wa njiani. Mkuu wa msafara aliyekaa mahali siku kumi aliona shehena yake ya nguo na shanga ikipungua kwa kulisha watu waliokaa, na ndiyo sababu alikuwa na haraka ya kuondoka. Wapagazi hao walijua haki yao na waligoma walipodhulumiwa. Tumefika mahali ambapo dereva wa semi-trela mwaka huu ana haki ndogo zaidi ya posho kuliko mpagazi aliyepita njia zilezile kabla ya ujio wa Wajerumani. Jambo hilo lingetosha kutunyima usingizi.

Nimesikia jibu kwamba lami itamaliza yote. Barabara ya Mtwara, Tandahimba, Newala hadi Masasi ina urefu wa kilomita 210. Kilomita 50 za kwanza, kutoka Mtwara hadi Mnivata, zilitangulia kuwekwa lami, na kwa kilomita 160 zilizosalia Benki ya Maendeleo ya Afrika iliidhinisha mkopo mwaka 2021. Ni neema ambayo watu wa uwanda waliisubiri tangu uhuru, na hakuna mwenye akili timamu atakayeipinga. Lakini tusiibebeshe ahadi isiyoweza kuitimiza. Kutoka Mtwara hadi Masasi kuna njia nyingine ya lami, ile inayopita Mingoyo na Ndanda, nayo ina umri mrefu. Malori yanafia juu yake pia. Tofauti ni kwamba kwenye lami lori lililokufa linakuwa hatari kwa wengine: limeziba nusu ya njia, taa zimezima, betri imeisha, na kinachomwonya anayekuja kwa kasi usiku ni matawi machache ya miti yaliyotupwa nyuma. Sheria inataka pembetatu zinazoakisi mwanga. Matawi yanatumika kwa sababu pembetatu ni kitu kingine ambacho hakikununuliwa. Lami pia inaita mzigo zaidi. Makaa ya mawe kutoka Ngaka, mkoani Ruvuma, yanapita Tunduru na Masasi kwenda bandarini, safari ya zaidi ya kilomita 600, na sheria ya Jumuiya ya Afrika Mashariki ya kudhibiti uzito inaruhusu hadi tani 56 kwa gari na mzigo wake. Gari la uzito huo likikata ekseli haliinuliwi kwa jeki ya kawaida.

Isitoshe, njia za kusini zimetufundisha zaidi ya mara moja kwamba kinachosubiriwa kinaweza kuchelewa, na kilichojengwa kinaweza kuondoka. Reli iliyotoka Mtwara kwenda Nachingwea kwa ajili ya mradi wa karanga wa enzi za ukoloni, na baadaye kupata tawi la Masasi mwaka 1958, iling'olewa baada ya kufungwa mwaka 1962. Watu wa kusini walingoja mpaka 2003 kuvuka Rufiji kwa daraja, lile lililopewa jina la Benjamin Mkapa, mwana wa Lupaso, Masasi. Na Mei 2024, kimbunga Hidaya kilipopiga baada ya mvua ndefu, barabara ya lami ya Dar es Salaam hadi Lindi ilikatika maeneo ya Somanga na jirani zake, mabasi na malori yakalala siku kadhaa. Wenye haraka wakazunguka kupitia Songea, safari zaidi ya maradufu. Abiria wa mabasi walipata huruma ya taifa zima, na walistahili. Madereva wa malori walikaa palepale kwa muda uleule na hata zaidi, wala sikusikia mtu akiuliza siku zile zililipwa na nani. Nauliza sasa, kwa sababu mvua za namna ile hazitakuwa za mwisho.

Ukitoka Masasi kupitia Mangaka hadi Mtambaswala, swali hili linavuka mpaka. Daraja la Umoja juu ya mto Ruvuma lilifunguliwa Mei 2010 na marais Jakaya Kikwete na Armando Guebuza, likitimiza ndoto iliyotajwa tangu enzi za Nyerere na Samora Machel. Upande wetu lami ilifika hadi darajani. Upande wa pili, kutoka Negomano kwenda Mueda, kwa miaka mingi kulikuwa na njia ya udongo inayokatiza msitu, vijiji vichache, mtandao wa simu wa kubahatisha. Huko Mtanzania aliyeharibikiwa gari ananunua kwa meticais, anaongea na askari kwa Kireno asichokijua, na akibahatika anapata Mmakonde wa ng'ambo wa kumtafsiria. Tangu Oktoba 2017, vita vya Cabo Delgado vilipoanza, kulala njiani katika jimbo lile kumekuwa suala la uhai. Madereva wetu waliotekwa Kivu Kusini, Kongo, mwezi Septemba 2016 walituonyesha mwisho wa jambo hili unavyoweza kuwa: waliokolewa, lakini baadhi ya malori yao yaliteketezwa. Mtu anayempeleka mwenzake kwenye barabara za namna hiyo akiwa na tairi la akiba lililokwisha meno amefanya uamuzi kuhusu maisha ya mtu mwingine, na ameufanya kwa sababu uamuzi huo haumgharimu vya kutosha.

Sheria haiko kimya kabisa. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inaweka saa 45 za kazi kwa wiki na 9 kwa siku, na saa za ziada zinalipwa mara moja na nusu. Kinachobishaniwa ni kama kukaa kando ya gari lililokufa ni kazi. Mimi naona hakuna cha kubishania. Kama tajiri angemwajiri mlinzi wa kampuni ya ulinzi kukaa na magunia yale usiku kucha, angemlipa. Utingo anafanya kazi ileile ya mlinzi, tena bila bunduki, bila koti na bila zamu ya kumpokea. Mgomo wa madereva wa mwaka 2015, uliosimamisha usafiri nchi nzima Aprili na kurudiwa Mei, ulikuwa na madai mengi, na moja lililojirudia ni mikataba ya ajira ya maandishi. Bila mkataba huwezi kudai siku ya tatu, maana hata siku ya kwanza haikuandikwa popote. Wengi ni deiwaka, wanaendesha kwa niaba ya dereva mwingine ambaye naye aliajiriwa kwa mdomo. Ulaya, ambako malori ni mapya na barabara ni laini, sheria inataka dereva apumzike dakika 45 kila baada ya saa nne na nusu za kuendesha, na inakataza mapumziko ya kawaida ya wiki, saa 45, kutumika ndani ya kebini. Hatuwezi kuinakili sheria hiyo kesho. Lakini tunaweza kuanza na kipande chake kidogo na cha haki kuliko vyote: siku ambayo gari limesimama kwa ubovu wa gari au wa barabara, watu waliolala nalo wanalipwa posho kamili ya siku hiyo, na imeandikwa hivyo kabla ya kuondoka.

Hoja nzito dhidi yangu ni ya mkulima. Itasemwa kwamba tajiri atapandisha nauli, mnunuzi atashusha bei mnadani, na makato ya usafirishaji kutoka chama cha msingi hadi ghala kuu yataongezeka, hivyo mzee wa Kitangali mwenye mikorosho michache ndiye atakayelipa posho ya dereva. Tuiweke hoja hii kwenye mizani. Msimu wa 2024/2025 korosho za nchi nzima zilivuka tani 500,000. Kwa semi-trela ya tani 30, hizo ni safari zaidi ya 16,000, bila kuhesabu Fuso zinazokusanya kutoka vijijini. Safari moja ya tani 30 ni kilo 30,000. Tuseme gari limekwama siku tatu na watu wawili wamelipwa, kwa pamoja, shilingi 60,000 kwa siku; hiyo ni shilingi 180,000, yaani shilingi sita kwa kilo, na ni kwa gari lililokwama tu. Ukiigawa kwa magari yote yaliyofika salama, inabaki senti. Mkulima anayeuza kilo kwa maelfu ya shilingi hatayumba kwa hilo. Kinachomyumbisha ni mzigo kuchelewa: turubai lililotoboka katika mvua ya Desemba, korosho zilizopata unyevu zikashushwa daraja, magunia yasiyorudi kwa wakati chama cha msingi kikashindwa kupokea mzigo mpya, salfa ya kupulizia mikorosho iliyofika uwandani baada ya maua kushambuliwa. Hizo gharama mkulima anazilipa tayari, kimyakimya, kila msimu.

Zaidi ya hapo, fedha hizi hazitabaki palepale. Tajiri akijua kila siku ya kulala ina bei, atanunua springi. Ataweka pembetatu na jeki inayofaa. Atamsikiliza dereva anaposema gurudumu la nyuma linalia. Ndiyo maana nasisitiza malipo kabla ya ukaguzi: ukaguzi wa polisi mara moja kwa mwaka unamfanya mwenye gari alitengeneze kwa ajili ya siku ya ukaguzi, wakati hesabu ya posho inamfuata safari nzima. Nakubali kuna matajiri wa gari moja, watu waliochukua mkopo na wanaolala macho wakiwaza marejesho, na kwao siku tano za posho zinauma. Kwao ipo njia ya kuchangia mfuko kwa kila safari kupitia chama cha wasafirishaji, au kuingiza gharama hiyo kwenye bima. Udogo wa mtaji unastahili msaada. Haustahili kugeuzwa ruhusa ya kumwacha mtu porini na njaa.

Wengine watasema madereva watajifanya wamekwama ili walipwe. Hofu hii inatoka kwa watu wasiojua kulala kando ya barabara kulivyo. Posho ya kusubiri ni ndogo kuliko faida ya kumaliza safari na kuanza nyingine, na dereva ana nyumba, ana watoto, anataka kufika. Hata hivyo udanganyifu upo katika kila kazi na dawa zake zipo: magari mengi ya masafa marefu yana kifaa cha kufuatilia mwendo, ofisi ya kijiji inaweza kuandika barua, fundi anatoa risiti, na picha ya springi iliyokatika inatumwa kwa simu ndani ya dakika moja.

Wapo pia wanaoona dawa ni vituo vya malori barabarani; kuhusu hilo nitakuwa mfupi. Ukanda wa Kati, njia ya malori kutoka bandari ya Dar es Salaam, una vituo vya pamoja vya ukaguzi Vigwaza, Manyoni na Nyakanazi, na Japani tangu 1993 imejenga vituo vya barabarani zaidi ya elfu moja vyenye maegesho, vyoo vya saa 24 na soko la mazao ya wenyeji. Masasi, panapokutana njia za Mtwara, Newala, Tunduru na Mtambaswala, pana kila sababu ya kuwa na uwanja wa malori wenye maji, choo, taa na winchi ya kuvuta magari, na akina mama wa Masasi wangeuza chakula pale mchana na usiku. Halmashauri ikitenga eneo sasa, kabla lami ya Newala haijafika na viwanja havijauzwa, itapata kwa bei nafuu.

Posho ya kusubiri, lakini, haihitaji uwanja wala mkopo. Vyama vikuu vya ushirika vya MAMCU na TANECU vinaingia mikataba na wasafirishaji kila msimu, na wanunuzi wa mnadani wanaingia yao kwa safari ya kwenda bandarini. Kifungu kimoja kinatosha: msafirishaji ataonyesha mkataba wa maandishi wa dereva na utingo wake, wenye kiwango cha posho kwa kila siku ya kukwama, la sivyo hatapakia. Bodi ya Korosho inaweza kukiweka katika mwongozo wa msimu, kama inavyoweka masharti ya magunia na unyevu. Mwongozo huo hutoka kabla ya minada ya Oktoba, kwa hiyo wenye kuuandika wana nafasi hiyo kila msimu.